Alama Kumi na Moja

Wawindaji ni watu wa maneno mengi, na hakuna linalowagombanisha kama darubini ya bunduki. Mwite mwenzako mwongo, atakusamehe. Mwambie darubini yake haifai, mtanuniana mwaka mzima. Wapo wa darubini za kampuni ya Kozi, wapo wa Mwewe, na wapo wachache wa Jicho Kali, ambao wenzao huwacheka kwamba walinunua boksi.

Ubishi huo ulikuwa na hakimu mmoja tu, ubao uliotundikwa katika karakana ya fundi bunduki. Kila darubini iliyorudishwa kwa kupoteza shabaha ilichorewa alama moja ya chaki chini ya jina lake. Fundi hakumpendelea mtu. Alama ikishachorwa haikufutwa mpaka mwaka uishe, hata mwenye kampuni aje apige magoti. Wawindaji waliutazama ubao kabla ya kununua, na kwa miaka minane mfululizo walinunua Mwewe.

Utaratibu huo hakuutunga yeye. Alifundishwa na kaka yake, kama alivyofundishwa kushika bisibisi. Baba yao alipofariki, Kaka ndiye aliyemlea, na mgongo ulipomchoka akamwachia karakana. Sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha wawindaji na mshika funguo za chumba cha bunduki, ambako bunduki zote za wanachama hulazwa. Fundi alimwita Kaka, na chama kizima, hata waliomzidi umri, kikamwita Kaka.

Kaka alimfundisha pia mstari. Ukishakaza skrubu za pete zinazoshika darubini, unachovya njiti kwenye rangi ya kucha, unachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye pete. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, nawe unajua. Wawindaji hawakujua chochote kuhusu mstari huo. Wengi walidhani ni urembo wa kiwandani. Rangi yenyewe fundi alimwibia mkewe, na mkewe alijua akanyamaza.

Basi wiki tatu kabla ya msimu, Mwewe zikaanza kurudi. Wa kwanza alikuwa mwindaji waliyemwita Polepole, mtu asiyepoteza risasi ovyo.

"Fundi, nimelenga gogo hatua mia, risasi imekwenda kusalimia kichaka."

"Hukushtuka?"

"Nishtuliwe na gogo mimi?"

Fundi akaijaribu. Kweli, ilikuwa imehama. Mstari mwekundu ulikuwa mzima, kwa hiyo skrubu hazikulegea. Kosa lilikuwa la darubini, au la aliyeifunga. Akachora alama. Kesho yake wakaja wawili. Wiki ya pili ilipokwisha alama zilikuwa kumi, na ya kumi na moja ilikuwa ya bunduki yake mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyomvunja moyo.

Akaenda kwa daktari wa macho, akasomeshwa herufi za ukutani mpaka zile ndogo kama sisimizi, akaambiwa macho yake ni ya kijana. Hakufarijika. Kama si macho, basi ni mikono, na fundi bila mikono ana nini tena? Alimwambia mkewe huenda akafunga karakana.

Kaka alikuja kumpa pole. "Usijilaumu, mdogo wangu. Mwewe ya leo si ile ya zamani." Akamwekea mkono begani, na fundi nusura alie kwa shukrani.

Jumamosi asubuhi chama kilikutana kuchagua darubini itakayouzwa dukani kwao msimu huo. Kaka alisimama mbele. "Mimi sina la kuongeza. Ubao wa fundi mmeuona, na ubao hausemi uongo. Halafu tumwonee huruma mdogo wangu, mikono nayo inazeeka." Watu wakacheka. Mikono ikanyoshwa kwa Kozi, na wa fundi ukiwa mmojawapo.

Jumatatu mkewe alimletea chai karakanani, akamkuta kaishika bunduki yake, anaigeuzageuza.

"Hiyo nyekundu umeitoa wapi?" mkewe akauliza.

"Si ni kwenye kichupa chako?"

"Kichupa changu chekundu kiliisha zamani. Miezi miwili hii unaniibia ya bluu, mume wangu. Au unadhani sioni?"

Fundi akaisogeza bunduki dirishani. Aliifunga mwezi uliopita, kwa bluu. Mstari uliokuwapo ulikuwa mwekundu, na ndani ya mfuo wa skrubu, ambako kisu cha aliyekwangua rangi hakikufika, kulikuwa na punje ya bluu. Akashusha rafuni zile nyingine zilizorudishwa. Nne alizifunga tangu bluu ianze, na zote nne zilikuwa nyekundu. Miaka ishirini jicho lake lilikuwa likiuliza swali moja tu, mstari umekatika au haukukatika. Rangi hakuitazama kamwe.

Aliyelegeza skrubu, akazipinda darubini, akakaza tena na kuchora upya, aliujua mstari na alikuwa na funguo za chumba cha bunduki. Mtu huyo alikuwa mmoja duniani. Fundi akakaa kwenye kigoda. Chai ikapoa. Iliuma kuliko msiba, maana msibani angalau unajua umlilie nani.

Alasiri Kaka akaingia na bunduki yake, imefungwa kwenye blanketi. "Nifungie, mdogo wangu. Kesho kutwa tunamfuata nyati."

Ndani ya blanketi mlikuwa na darubini mpya. Mwewe.

"Kwa nini si Kozi?"

"Kozi ni ya dukani. Nyati si wa kuchezea."

"Na mikono yangu iliyozeeka?"

Kaka akacheka. "Yale ya mkutanoni tu. Mikono yako naijua, niliitengeneza mimi."

Fundi akamwekea mbele bunduki yake, akamwonyesha nyekundu, kisha bluu. Kaka alitazama. Hakuuliza ni nini.

"Watu wa Kozi wameniahidi uwakala," alisema. "Mkono mtupu haulambwi. Ningekuingiza na wewe."

"Za watu, sawa, tamaa imekushinda. Yangu uliigusia nini, Kaka?"

"Bila yako usingeamini. Ungetafuta mpaka upate."

Fundi aliichukua Mwewe, akaifunga, akakaza skrubu moja baada ya nyingine kwa kipimo, akaipeleka kwenye kiwanja cha shabaha nyuma ya karakana, akapiga tatu. Zote tatu zilitua mahali pamoja, zingefunikwa kwa kizibo cha soda. Mikono haikuwa na ugonjwa wowote. Akachora mstari wa bluu.

"Imekaa sawa. Nenda nayo."

Kisha akashika chaki, akaenda ubaoni. Zile kumi na moja za Mwewe akazikata kwa mstari mmoja mrefu. Pembeni ya Jicho Kali akaandika jina jipya, KAKA, na chini yake akachora alama moja moja, mpaka kumi na moja.

"Futa," Kaka alisema. "Polepole na wenzake wanapita hapa jioni. Mdogo wangu, nakuomba, futa."

"Ubao huu haufutwi mpaka mwaka uishe," fundi alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."