Shule ya Mabasi Mawili

Nyumbani walimwita Kasuku, na hawakumwonea. Binti huyo wa miaka minane aliongea tangu anafumbua macho hadi usingizi unamkatiza, akisimulia mpaka ndoto ambazo hajaziota. Kwa hiyo mama yake alipoitwa shuleni, alijua tu ni kesi ya kupiga domo darasani.

"Mama, mtoto wako hajatamka neno hata moja," mwalimu alimwambia taratibu, ili lugha ile ya ugenini imwingie. "Mwezi wa tano huu tangu aanze hapa."

"Kasuku? Huyu wangu?"

"Huyu wako. Hata akibanwa na haja hasemi. Anavumilia."

Hilo la mwisho lilimchoma mama. Kumbe ndiyo maana mtoto akifika nyumbani hukimbilia chooni na begi mgongoni!

Mwalimu akaeleza kwamba iko shule nyingine, mabasi mawili kutoka pale, yenye darasa dogo la watoto wageni. Afadhali ahamie huko. Mama aliitikia kwa kichwa, lakini ndani alikuwa anachemka.

"Wanatufukuza kwa adabu," alimwambia mumewe jioni.

Mumewe, mwoka mikate, alishusha pumzi. "Mtoto ndiyo kwanza ameizoea njia ya kwenda, leo tumhamishe tena?"

Kesho yake mchana, mama akiwa kwenye karakana anakoshona mapazia, aliinua kichwa akamwona mwalimu mlangoni, nywele zimelowa mvua.

"Jana uliondoka na kinyongo," mwalimu alisema. "Sikukueleza vizuri. Shule ile ilikuwa imejaa. Nimemwendea mkuu wao mara tatu, leo asubuhi ndiyo amekubali." Akatoa barua. "Mimi nina watoto thelathini na wawili. Binti yako nampenda, ila simfikii."

Mama alitaka kusema mengi, lugha ikamgomea. Akabaki ameshika barua. Hapo ndipo alipoelewa mwanawe alivyokuwa akiishi kule darasani: maneno tele kifuani, mdomoni hakuna kitu. Akamvutia mgeni kiti, akammiminia chai ya chupa yake, na mwalimu akainywa yote.

Wiki ya kwanza Kasuku alilia katika mabasi yote mawili. Ya pili akalia katika moja. Darasani walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja akiivunja lugha kwa mtindo wake, hivyo hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Wiki ya sita ikaja barua: binti yenu anaongea wakati wa somo, tafadhali mwonyeni.

Baba aliisoma mara mbili, akaibandika kwenye friji kama cheti. "Mwonye wewe, mke wangu," alisema huku akijifuta macho. "Mimi siwezi."

Siku shule mpya ilipofunga mapema, mama alimpeleka bintiye kwa yule mwalimu. Alikuwa ameiandaa hotuba nzima ya shukrani, ameikariri tangu asubuhi. Hakupata nafasi ya kuitoa. Kasuku alishaanza: rafiki yake mwenye mapengo, samaki wa darasa aliyekufa wakamzika bustanini, wimbo aliofundishwa. Mwalimu, ambaye hakuwahi kuisikia sauti ile, alijishusha kwenye kiti cha mtoto, mkono mdomoni, akasikiliza.

"Halafu?" aliuliza. "Halafu ikawaje?"