Sanduku la Mwalimu Milagros

Sauti ya Mwalimu Milagros ilikauka kabla kura hazijafika nusu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mtoto wa darasa la pili, magoti yakimkaribia kidevu. Kila karatasi aliiinua juu ili watu waliojazana madirishani waione, kisha akalisoma jina. Mwalimu Jovelyn, mgeni kazini, alichora mstari ubaoni kwa kila kura.

"Pilar Agcaoili. Pilar Agcaoili. Severo Lacambra. Pilar Agcaoili."

Mvua ilipiga bati. Tangu aajiriwe, Milagros alikuwa amepima watoto uzito, amegawa mchele wa mafuriko, amehesabu watu wa sensa. Kazi hii ya kura ndiyo pekee aliyoiogopa. Alikuwa amemwomba mwalimu mkuu ampumzishe.

"Sheria inakuruhusu kukataa," mkuu alimjibu. "Niambie tu nani ataongoza kituo badala yako."

Aliyebaki alikuwa Jovelyn, mwenye mimba changa. Milagros akakubali.

Mlangoni aliegemea Dencio, mpwa wa Severo. Severo ndiye aliyekuwa kapteni, mkuu wa kijiji, na aligombea tena. Shati lake lilining'inia juu ya kitu kilichotuna kiunoni. Alijifunza kusoma humuhumu, kwa Milagros.

"Polepole, mwalimu," alisema. "Macho ya utu uzima hudanganya."

"Yangu bado mazima."

Mtu alicheka dirishani, akakatisha.

"Pilar Agcaoili."

Jovelyn alichora mstari upande wa Severo. Minong'ono ikazuka nje. Jovelyn hakugeuka.

"Futa, mwanangu. Umekosea upande."

"Mwalimu," Jovelyn alinong'ona, "wamempigia simu mama yangu."

"Futa. Mimi ndiye niliyesoma."

Jovelyn akafuta kwa kiganja. Dencio alitoka mvuani na simu sikioni. Aliporudi alikuwa anatabasamu, na Milagros akatamani angerudi amenuna.

Kapteni, aliyekitawala kijiji tangu wapiga kura wengine hawajazaliwa, alishindwa. Hakuna aliyeshangilia. Pilar, mjane muuza mboga, alimkumbatia Milagros, kisha wanawe wakamtoa mama yao kwa mlango wa nyuma. Watu wakatawanyika upesi, kama wanaotoka mazishini.

Ndipo Kapteni Severo alipoingia, kofia iliyolowa mkononi.

"Pole na kazi, mwalimu. Ndiyo siasa, leo wewe kesho mwenzio. Umekula?"

Akamwekea mezani wali na samaki wa kukaanga, vimefungwa kwa jani la mgomba.

"Kula. Una safari."

Sanduku la kura lilitakiwa kufika mjini usiku huo. Polisi waliopaswa kulisindikiza waliondoka na gari lao mchana, eti wanakwenda kula. Wenye pikipiki za abiria, mmoja baada ya mwingine, walisema tairi zao zimepasuka. Milagros akapiga simu ofisi ya uchaguzi.

"Polisi hawapo, bwana. Naomba nilale nalo hapa shuleni, na watu wa kutosha, niletewe ulinzi asubuhi."

"Haiwezekani, mwalimu. Sanduku lilale huku. Wewe ndiye uliyelisainia."

"Nilibebe peke yangu?"

"Hapo kijijini hakuna gari hata moja?"

Lilikuwepo moja. Dencio alikuwa tayari anafuta kiti chake kwa kitambaa.

Jovelyn alimshika Milagros mkono. "Twende wote."

"Nenda nyumbani."

"Mwalimu, usipande."

"Nisipopanda, watasema nimeiba kura. Nenda, mwanangu."

Alipanda, akaliweka sanduku mapajani, akalikumbatia. Gari lilipita nyumba za watu aliowafundisha na watoto wao. Aliona madirisha yakifungwa, moja moja, na mikono iliyoyafunga, kila kidole cha shahada kikiwa bado na wino wa kura. Dencio hakuwasha redio. Wanaume wawili walipanda penye daraja, wakaketi nyuma. Hawakumsalimu.

Kwenye njia panda Dencio alipunguza mwendo.

"Mjini ni kushoto, Dencio."

"Najua, mwalimu. Kushoto na kulia ulinifundisha wewe."

Akakata kulia, kuelekea machimbo ya kokoto.

Simu ikalia mkobani. Mmoja wa wale wa nyuma alinyoosha mkono, akaichukua, akaitazama, kisha akaibonyeza ili wote wasikie. Alikuwa yuleyule wa ofisi ya uchaguzi, sauti yake imechoka.

"Mwalimu, bado hujafika tu? Fanya haraka. Sisi tunataka kufunga ofisi."