Ini la Tajiri

Marehemu alikuwa mfunza mbwa wa kampuni ya ulinzi, na kauli yake ilikuwa moja: mbwa hapigwi, hutuzwa. Akitii, apewe kipande cha ini lililokaushwa. Akikaidi, hapati kitu. Ndivyo alivyomfunza Tajiri, libwa kubwa ambalo baada ya mazishi lilibaki na mjane wake, fundi cherehani asiyewahi kumpa mbwa hata mfupa.

"Ni tumbo tu, shemeji," mdogo wa marehemu alimwambia. "Mkono unaolisha ndio bwana."

Basi mjane akakausha ini, akalikatakata, akasimama sebuleni.

"Kaa!"

Tajiri hakumtupia hata jicho. Alikikodolea kiti cha marehemu, pale dirishani. Masikio yakasimama. Akakaa. Akalala. Akainua mguu wa mbele, ukabaki hewani kama ulioshikwa. Kisha akatafuna, akameza.

Mjane akafumbua kiganja. Ini lake lote lilikuwamo.

Alikitoa kile kiti nje. Tajiri akaendelea kutii pale pale palipokuwa na kiti. Bakuli lake haligusi, na mbavu zikazidi kufichika kwa unono.

"Unamlisha nini huyu?" shemeji yake aliuliza siku alipokuja kumtazama mbwa, akitaka kumchukua.

"Kwangu hali."

"Anakula upepo?"

"Kamuulize kaka yako."

Shemeji alicheka, kisha akamwona Tajiri akitoa mguu pale dirishani pasipo mtu. Chai aliiacha nusu, na habari ya kumchukua mbwa hakuitaja tena.

Alasiri moja mjane aliweka mkasi chini, akageukia dirishani.

"Mume wangu, sijakukataza kuja. Lakini mwizi akija, wewe hutabweka. Niachie japo mbwa."

Tajiri akainua kichwa, kama anayesikilizishwa neno refu. Akajilamba. Akaja taratibu, akakaa mbele ya mjane kabla hajaamriwa.

Akampa ini. Akamwekea mkono kichwani, akakuta manyoya yamelala, yana joto, kama kiganja kingine kimeondoka hapo sasa hivi. Hakuutoa mkono wake. Akalia, kilio ambacho msibani kilikuwa kimegoma kutoka.

Tangu hapo Tajiri humtii yeye. Ila mjane, akiwa sebuleni, haamrishi papo hapo. Husubiri kidogo, kama anayempisha mwenzake mlangoni.