Chumvi ya Mkekani

Mgeni alimkuta Mina akishona mdomo wa gunia la nane. Mkononi hakuwa na mfuko wala fimbo, ila kapu tupu la ukindu, kalishika kifudifudi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," Mina alijibu bila kuinua macho, maana sindano ya magunia haitaki mzaha. "Kigoda kipo hapo mlangoni. Keti, kaka."

Alikuwa mtu wa makamo, suruali imegandwa na mbigiri hadi magotini, macho mekundu ya mtu aliyesahau usingizi. Alisalimia, akaulizia wazima wa nyumba, akaulizia mvua, akaulizia chumvi, yote kama ada ilivyotaka. Lakini kapu hakuliweka chini.

"Namtafuta anayeweka chumvi Mkekani," alisema hatimaye.

Sindano ikasimama. Jina lile halikuwa la kutajwa na mgeni.

Mkekani ni jiwe bapa, pana kama mkeka wa watu wawili. Lipo pale ambapo majaruba ya chumvi ya Uvumba yanakoma na vichaka vinaanza, si mbali na kitongoji. Tangu enzi za mabibi, siku ya tatu ya kila mwezi mwandamo, jua likiwa utosini, watu wa chumvi huweka kapu lao juu ya jiwe na kuondoka bila kutazama nyuma. Kisha watu wa mpunga hutoka bara, huacha kapu lao na kuchukua la chumvi. Ukirudi alasiri ukaikuta chumvi yako ingali pale kando ya mpunga, ujue unaambiwa ongeza kidogo. Basi. Hakuna aliyepanga bei. Hakuna aliyeapa kwa Mungu kwamba anapata hasara. Wala hakuna aliyemjua mwenzake kwa sura.

"Ukimwona utamwonea huruma, au utamwonea tamaa," Biubwa, shangazi yake Mina, alizoea kusema. "Na vyote viwili vinaharibu kipimo."

"Ni mimi," Mina alisema. "Kabla yangu alikuwa shangazi, Mungu amrehemu."

Mgeni alishusha pumzi. "Naitwa Ridhiwani. Natoka Kwamtogo. Sisi ndio tuliokuwa tunaweka mpunga." Akalipakata kapu. "Nimekuja kuomba radhi, dada. Nimechelewa miaka minane."

"Radhi ya nini?"

"Ya kuondoka kimya. Vijana walikwenda kwanza, wakafuata wenye watoto. Mama yangu alipokufa, nikabaki mimi na mbwa. Nikahamia Chalinze, kukimbiza mabasi na ndoo ya machungwa. Kule kila mtu anakuita kaka, na hakuna anayekujua." Akainua kapu kidogo. "Desturi unaijua. Anayeacha kuweka hulifudikiza kapu tupu juu ya jiwe, ili mwenzake asiendelee kupoteza jasho lake. Zamu ilikuwa yangu, sikufudikiza. Nikajisemea, chumvi yenyewe siku hizi inauzwa kwa pakiti, nani atajali? Tangu hapo silali. Kila nikifumba macho namwona mtu anaweka chumvi, anarudi mikono mitupu."

Mina alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Kaka Ridhiwani," alisema polepole, "mimi sijarudi mikono mitupu hata mara moja."

"Unasemaje?"

"Mwezi uliopita nilichukua mpunga. Na mwezi uliotangulia huo. Miaka yote minane. Unaochemka kwenye hicho chungu ndio huo."

Ridhiwani akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kwamtogo hakuna mtu, dada. Nimelala huko jana. Paa la kwetu limeanguka, shambani wanacheza ngedere. Hakuna hata njia."

Mina hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na kapu la mwezi uliopita, ambalo chini yake ulibaki mpunga wa kama viganja viwili. Ridhiwani akachota kidogo. Kila punje ilikuwa na unywele mweusi nchani, umejikunja kama kope. Akazisogeza punje karibu na macho.

"Huu tuliuita kope la mwali," alisema. "Shamba la mama peke yake ndilo lililokuwa nao." Kisha akaona kamba iliyokuwa imefungia kifuniko, na fundo lake. "Hili umelifunga wewe?"

"La. Yanakuja hivyo, yamesokotwa kushoto. Hunisumbua kuyafungua."

"Mama alikuwa wa shoto."

Nje, joto lilikuwa linacheza juu ya majaruba. Mina akakumbuka mambo aliyoyaona na kukataa kuyauliza: kwamba kapu la mpunga lilikuwa kavu hata siku za mvua, na kwamba kwenye tope linalozunguka jiwe nyayo alizozikuta zilikuwa zake mwenyewe tu.

Simu yake ikalia. Alikuwa Naveed, mfanyabiashara kijana wa Bagamoyo mjini, ambaye babu yake naye alinunua chumvi kwa babu zake Mina.

"Dada Mina! Nimeshavuka mto Wami. Bati zako kumi na mbili nimezilaza nyuma, zinapiga kelele kama wapambe wa bi harusi. Magunia yapo manane?"

"Yapo, ila leo kuna kapu moja la kutoa."

"Litoe kwenye la tisa."

"La tisa liliyeyuka na ile mvua."

"Basi usitoe, dada yangu! Wakausha samaki wanataka manane yaliyojaa, na mimi napimiwa kama unavyopimiwa wewe. Likilegea moja wanarudisha yote. Nikifika barabarani nitapiga honi mara tatu. Kama yapo, tunapakia. Kama hayapo, usinichukie, napitiliza Saadani."

Mina akakata simu. Bati kumi na mbili, malipo ya magunia yale manane, zilikuwa paa la banda la chumvi. Mwaka jana masika yalikuja mchana mmoja, na kazi ya miezi mitano, kuni, moshi na mgongo wake, vikatiririka kurudi baharini mbele ya macho yake. Mwaka huu wingu lilikuwa limeshaanza kukaa upande wa kusi.

Ridhiwani alikuwa ameyasikia yote. "Dada, mimi ndiye mwenye makosa, acha niyarekebishe. Leo si siku ya tatu? Twende nilifudikize kapu. Nikishalifudikiza, hudaiwi kuweka. Baki na chumvi yako, uezeke banda lako."

Lilikuwa neno jema, nalo lilikuja saa ile ile lilipohitajika. Mina alilitamani kama maji. Lakini akamkumbuka Biubwa siku yake ya mwisho, vidole vyake vikavu vimemshika kifundo cha mkono: *Usiwe wewe wa kwanza kuacha, mwanangu. Na usitazame nyuma. Niahidi.* Naye aliahidi, kwa kuwa lilikuwa jambo dogo, la kapu moja tu.

"Kapu hulifudikiza anayeweka," alisema. "Wewe ulikwishaacha kuweka, kaka. Kuna anayeweka."

"Nani?"

Mina alikata uzi wa gunia la nane, akachota chumvi hadi kapu lake likajaa. Gunia likainama upande mmoja kama mtu aliyesinzia.

Walikwenda pamoja. Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado. Jua lilisimama utosini kabisa, vivuli vyao vimejificha chini ya miguu. Ndege waliokuwa wanalia asubuhi yote walikuwa kimya. Walipofika kwenye jaruba la mwisho, Mina akamzuia Ridhiwani kwa mkono.

"Ngoja hapa. Wewe si wa chumvi."

"Wala si wa mpunga tena," alisema Ridhiwani, akabaki, kapu lake tupu kwapani.

Mina alilifikia jiwe. Lilikuwa la baridi, katika jua lile. Akaliweka kapu katikati, akausawazisha uso wa chumvi kwa kiganja kama alivyofundishwa, akageuka, akaanza kurudi.

Hatua ya tano, akasikia. Nyuma yake mpunga ulikuwa unamiminwa kapuni, taratibu, shaaa, kama mvua ndogo juu ya makuti. Kisha ikaja harufu ya moshi wa jikoni na mabua mabichi.

Ndipo kutoka upande wa barabara honi ikalia. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Simu ilikuwa kwenye pindo la kanga yake. Kapu la chumvi lilikuwa hatua tano tu nyuma. Angegeuka sasa hivi, akalibeba, akamwambia Naveed angoje, bati zingekuwa zake kabla ya alasiri, na tena angejua. Angejua ni nani aliyemlisha miaka minane. Shingo yake ilianza kuzunguka yenyewe, akairudisha.

Mbele yake Ridhiwani alikuwa amesimama akilielekea jiwe. Mina hakuona kilichokuwa nyuma yake. Aliuona uso wa Ridhiwani ukikiona. Kwanza ulikauka. Kisha ukalegea, makunyanzi yakafunguka moja moja, hadi ukawa uso wa mtoto aliyeitwa aje ale. Akavua kofia. Akainama.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nyuma ya Mina mpunga uliacha kumiminika, kama mtu anayetulia ili asikie vizuri.

Kule barabarani gari liliunguruma, likaondoka na bati zake kuelekea Saadani, sauti ikafifia hadi ikabaki joto tu. Ridhiwani alilitoa kapu kwapani, akaligeuza mdomo juu, akalishika kwa mikono miwili, kama aombaye mbegu.

Mina akaendelea kutembea, shingo imenyooka.