Jua Lenye Meno

Likizo yangu niliitoa sadaka kwa sanaa. Asubuhi binamu yangu, mwenyeji wangu na mjuzi wa kila kitu, alinizungusha kwenye jumba la sanaa la kisasa, tukasimama nusu saa nzima mbele ya viti vitatu vilivyofungwa kamba na kupewa jina "Mama". Mchana tukaenda kutazama darasa la uchoraji la vijana, ghorofani, juu ya duka la rangi.

Binti wa miaka kama kumi na mitatu alikuwa anachora mkono wake kwa penseli, pamoja na kovu la kidole. Mwalimu akaunyakua mchoro kama aliyekuta mende kwenye sukari.

"Nimesema mara ngapi? Wageni wakija, chora kitoto!"

"Samahani, mwalimu." Binti akachukua karatasi nyingine. Kufumba na kufumbua, jua lilikuwa na meno na nyumba ilikuwa na miguu.

Mwalimu akatugeukia, sauti imelainika ghafla, ule mchoro wa mkono kaubana kwapani. "Mnaona, dada zangu? Hatuwafundishi kitu. Tunaiacha roho ya mtoto iseme."

Binamu yangu akafuta machozi. Mwalimu akahutubia robo saa, nasi tukaitikia kwa vichwa, huku binti ameinamia karatasi yake.

Tulipoaga, binti akanipa ile karatasi kwa mikono miwili. "Zawadi yako, shangazi."

Kwenye ngazi nikaigeuza. Nyuma tulikuwepo sisi wawili, kwa penseli, shingo upande, tumekenua mbele ya jua lile. Hakusahau hata pengo langu.