Kitanda Nilichokiinua

Mimi ni seremala, na mke wangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Aliniita Fundi, nami nikamwita Mwalimu, hata tukigombana. Niseme mapema, nisije nikajifanya mnyenyekevu: mikono yangu inajua kazi, na sipendi kufundishwa la kufanya.

Baridi yabisi ilimwanza vidoleni. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda karibu saa nzima akingoja mikono ifunguke, huku akiikaripia kwa sauti ya chini kama wanafunzi watoro. Vifundo vikavimba, vidole vikapinda upande. Hospitali wakampa vidonge na kumpangia kliniki kila miezi mitatu. Mimi nikaingia karakana.

Nilianza na chaki. Nilichonga kishikio kinene cha mbao, nikachomeka chaki mbele, naye akaweza tena kuandika irabu ubaoni. Watoto waligombania kukishika. Nikanenepesha mipini ya vijiko, nikang'oa vitasa vya mviringo na kuweka vya kubonyeza kwa kiwiko. Ngazi tatu za mlangoni nikazifunika kwa mteremko wa mbao, nikaupigilia mpira usiteleze. Majirani walikuja kutazama. Sifichi, kichwa kilivimba.

Alipoanza kuchoka akisimama darasani, nikamtengenezea kiti kirefu afundishe amekaa. Miguu ilipovimba, nikapanua mikanda ya viatu vyake. Kisha akaniambia akilala chali ni kama mtu amemkalia kifuani.

"Shingo hiyo," nikasema, maana tulishaambiwa ugonjwa ule hushika hadi shingo.

Kesho yake nilikata vipande viwili vya mbao ngumu, nikavichimba matundu ili miguu ya kitanda itulie ndani, nikainua upande wa kichwani. Alilala vizuri. "Fundi, Mungu akuweke," akaniambia asubuhi. Miezi miwili baadaye akaomba niongeze kidogo. Nikaongeza.

Binti yetu, anayefanya kazi mji mwingine, alikuja kututembelea. Alitazama siku mbili, kisha akanifuata karakana.

"Baba, mama anahema."

"Magoti yanamuuma. Wewe hujawahi kuumwa magoti."

"Ametoka jikoni hadi sebuleni tu, baba. Hatua kumi."

"Basi nitamwekea kiti katikati."

Akanitazama. "Kwako kila kitu ni mbao."

Nikawasha msumeno wa umeme ili nisimsikie. Namwonea haya mwanangu kwa jambo hilo mpaka leo.

Hakuningoja. Jumatatu alimpeleka mama yake hospitali, nami nikawafuata nyuma nimenuna. Daktari wa siku hiyo alikuwa mwanamke kijana, mgeni kwetu. Aliweka kipimo chake kifuani kwa Mwalimu, akasikiliza. Akakihamisha, akasikiliza tena, muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama, unalalia mito mingapi?"

"Hata mmoja."

Sikuweza kunyamaza. "Hahitaji mito, daktari. Nimemtengenezea kitanda cha mwinuko." Nikamwonyesha kwa mikono urefu wa zile mbao. Nilikuwa nangoja sifa.

"Tangu lini?"

"Mwaka umepita. Mwanzoni ilikuwa hivi, nikaongeza ikawa hivi."

Akaandika. "Na ngazi, mama, unapanda?"

"Kwetu hakuna ngazi tena," Mwalimu akajibu, kisha akageuka kunitazama. Alielewa kabla yangu.

Walimpiga picha ya moyo. Daktari akatueleza taratibu. "Ugonjwa huu hauishii kwenye viungo, mzee. Kwa baadhi ya watu hushambulia na vali za moyo. Vali ni kama vilango. Damu ikishapita vinafunga, isirudi. Kimoja cha mama kimenenepa na kujikunja, hakifungi. Damu inarudi nyuma, maji yanajaa kwenye mapafu. Ndiyo maana akilala chali anakosa pumzi."

Mlango usiofunga. Miaka thelathini milango ya namna hiyo huletwa kwangu, napiga randa kidogo, inafunga.

"Hamuwezi kuutengeneza?"

"Tunaweza kuweka mwingine kwa upasuaji. Lakini moyo umehangaika peke yake muda mrefu, umetanuka, umechoka. Tumpe dawa kwanza apate nguvu za kufika huko. Angekuja mwaka jana..." Hakumalizia.

Mwaka jana alikwenda kliniki mara nne. Kila mara walimuuliza kama anapata shida nyumbani, naye akajibu kuwa hana, mume wake amemrahisishia kila kitu. Wala hakudanganya. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mgonjwa wangu hakuficha kitu. Niliyeficha ni mimi, kwa nyundo na misumari, huku nikipiga mluzi.

Wodini walimpa kitanda cha chuma chenye mkono wa kuzungusha unaoinua kichwa. Nilikikagua chote, nikakuta skrubu moja imelegea, nikaikaza kwa sarafu. Upasuaji ulipangwa wiki iliyofuata. Siku ya sita tulibaki wawili, nikamwambia kila kitu: mteremko, kiti, viatu, kitanda. Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake uliopinda ukiwa juu ya wangu.

"Fundi, punguza majivuno," akasema. Alivuta pumzi, akapumzika, akaendelea. "Hata kifo changu unataka kiwe kazi ya mikono yako?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamwita muuguzi.

Siku ya tisa nilifika asubuhi na uji wake nikakuta kitanda kimetandikwa. Moyo ulikuwa umesimama alfajiri. Nilibaki na chupa ya uji mkononi, sijui niiweke wapi.

Tulikwenda kumwona, mimi na binti yangu. Mhudumu wa chumba cha maiti, mtu mzima wa rika langu, akafunua shuka. Walikuwa wamemlaza chali kabisa, sawasawa juu ya bati, jinsi ambavyo hakuweza kulala kwa zaidi ya mwaka. Kabla sijafikiri, mdomo ulishasema:

"Mwinue kichwa, tafadhali. Akilala hivyo hawezi kupumua."

Binti yangu akanishika mkono. Mhudumu hakunisahihisha. Alichukua shuka, akalikunja mara nne, akamwinua kichwa polepole na kuliweka chini yake.

"Hivyo inatosha, mzee?"

Nikamwambia aongeze kidogo.