Karatasi ya "Apte"

Tangu Rolly arudi kutoka Afrika Kusini, hakuna mtu pale maporomoko ya Wagenia aliyemwita tena Commandant, jina la rubani. Zamani walimwita hivyo kabla hata hajapanda ndege. Watoto walimpigia saluti, padri alimwombea kwenye misa, na Urbain, baba yake, alipita kati ya wavuvi wenzake kifua mbele, utadhani ndege ni yake. Kijana akakaa huko miezi miwili kwenye shule ya urubani, akarudishwa. Sasa anabeba mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, na watu wanasema alifukuzwa kwa ulevi.

Urbain hakuuanzisha uvumi huo. Ila hakuukata. Mtu akimuuliza, aliinamia mitego yake na kusema, "Vijana ya leo, si unabajua." Basi. Jibu hilo lilitosha kumzika mwanawe.

Jumapili moja baada ya misa, Clothilde, jirani yake anayeuza samaki sokoni, aliingia uani na binti yake Nathalie. Binti alishika daftari.

"Papa Urbain, mbote. Huyu naye ameshikwa na wazimu ya ndege," Clothilde alisema, akajivutia kiti. "Anataka école ileile ya Rolly. Nikasema, bon, twende tuulize mwenye alianguka. Rolly iko wapi?"

"Iko ndani. Amelala."

Hakuwa amelala. Urbain alisikia kitanda kikilia nyuma ya pazia.

"Tonton," Nathalie alisema, "mi nataka kujua tu, mutu anapashwa kufanya nini mbele ya kwenda?"

"Kiingereza," Urbain alijibu upesi. "Kule Kifaransa hakina kazi. Kwenye redio ya ndege ni Kiingereza tu."

Ilikuwa kweli, na alijua anajificha nyuma ya ukweli huo.

Nathalie aliandika. Kisha akainua macho, akaona karatasi iliyotundikwa barazani ndani ya fremu, kando ya picha ya Rolly katika shati jeupe la kuazima. Akaisoma kwa sauti: "Apte." Yaani anafaa. Chini yake muhuri wa daktari.

"Maman, ni daktari ya hapa karibu! Mi pia nitachukua kwake. Hakuna haja ya kuhangaika mpaka Kinshasa."

Clothilde akapiga makofi mara moja. "Apte! Unaona? Mwili muzima, macho mazima. Donc ni lotoko tu." Alipaza sauti ili ipite pazia. "Mutoto muzuri vile, anakunywa pombe ya mahindi mpaka ndege inamukimbia!"

Kitanda kikalia tena.

Urbain aliitazama fremu ile. Aliinunua mwenyewe. Barua ya shule ilipokuja, Rolly alimtafsiria akiwa ameketi palepale barazani: kabla ya jambo lolote, mwanafunzi apimwe na daktari wa marubani. Urbain alicheka. Mtoto wa Wagenia apimwe macho? Watu wanaoona samaki ndani ya povu? Akampeleka kwa daktari wa mtaani, anayetibu malaria, akagongewa muhuri bila hata kuinuliwa kope.

Na alijua. Miaka mingi nyuma, Rolly akitumwa kuchuma pilipili zilizoiva, alileta nyekundu na mbichi pamoja. Urbain alimchapa, akimwita mvivu. Siku moja mtoto alilia, "Papa, zote ni sawasawa." Urbain alimsikia vizuri sana. Akamchapa tena.

Huko ugenini daktari alifungua kitabu chenye madoa ya rangi, akauliza ni namba gani. Rolly hakuona namba. Na redio ya ndege ikifa, mnara wa uwanja huongea na rubani kwa taa, nyekundu au kijani. Wakamrudisha nyumbani.

"Si lotoko," Urbain alisema.

"Papa, acha," Rolly alisema kutoka ndani.

"Siachi. Mama Clothilde, huyu mutoto haoni nyekundu na kijani. Nilijua tangu iko mudogo. Shule iliandika apimwe mbele, mi nikakataa. Karatasi hii ni uongo yangu. Nanyi mkasema ulevi, mi nikanyamaza, sababu haya ya mutoto ilikuwa nyepesi kwangu kuliko haya yangu."

Clothilde alivuta kiti chake karibu zaidi.

"Kesho sokoni, sema," Urbain aliongeza. "Mdomo unao. Sema vilevile ulivyosema lotoko. Lakini usiseme Rolly. Sema Urbain."

Pazia likasogea. Rolly alitoka, akampita baba yake bila kumtazama, akaketi karibu na Nathalie na kugusa daftari kwa kidole.

"Futa. Andika macho kwanza. Daktari ya marubani, si ya malaria, na mbele ya kulipa kitu chochote. Kisha Kiingereza, pale Papa hakudanganya. Kisha uulize kama licence ya kule inakubaliwa huku."

Nathalie akaandika. Rolly akamfungulia ukurasa mpya.

Urbain aliiondoa fremu kwenye msumari. Akabaki amesimama nayo mikononi, na hakuna aliyemwambia aiweke wapi.